Swami, Mchungaji na Theluthi Mbili

Oktoba 24, 1994, Jaji Kahwa Lugakingira wa Mahakama Kuu, Dodoma, alitoa hukumu iliyompa Mchungaji Christopher Mtikila kile alichokuwa akikidai tangu mwaka uliotangulia: Mtanzania anaweza kugombea uongozi bila kudhaminiwa na chama chochote cha siasa. Hukumu hiyo ilikuwa imechimbiwa kaburi kabla haijasomwa. Siku nane nyuma, Oktoba 16, Serikali ilikuwa imepeleka bungeni muswada wa kubadili Katiba. Desemba 2 ukapitishwa, na Januari 1995 Rais akautia saini. Kuanzia hapo haki ya kushiriki katika uongozi wa nchi, iliyomo katika Ibara ya 21, ikafungwa kamba kwenye ibara nyingine zinazotaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho.

Hakuna utaratibu uliovunjwa. Ibara ya 98 inataka theluthi mbili ya wabunge, na theluthi mbili ilipatikana bila jasho. Bunge lile la mwisho kabla ya uchaguzi wa vyama vingi lilikuwa bado la chama kimoja. Mahakama ilisema Katiba inamruhusu Mtikila, Bunge likaibadili Katiba ili isimruhusu. Kwa wanasiasa wengi wa wakati ule mambo yaliishia hapo.

Kwa wanasheria ndipo yalipoanzia. Bunge limeumbwa na Katiba. Je, linaweza kuibadili Katiba hiyo kwa kiasi gani? Likiwa na theluthi mbili mkononi, linaweza kufuta uhuru wa kuabudu? Linaweza kusogeza uchaguzi mbele kwa miaka ishirini, au kuivunja Mahakama Kuu? Mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa kwanza hufundishwa kwamba katiba ni sheria mama, kwamba mihimili ni mitatu na kwamba wananchi ndio chimbuko la mamlaka yote. Mafundisho hayo yote matatu yanategemea jibu la swali hilo, maana mwenye uwezo wa kuandika upya kanuni za mchezo wakati wowote hana haja ya kuzivunja.

Nchi zilizotoka kwenye ukoloni zilikutana na swali hili mapema. Katiba ya uhuru ya Kenya, iliyojadiliwa Lancaster House, London, ililindwa kwa kura za robo tatu katika mabunge yote mawili, na baadhi ya vifungu vyake kwa asilimia 90 ya Seneti. Mwaka 1965 kiwango kikashushwa hadi asilimia 65. Mwaka uliofuata Seneti yenyewe ikafutwa, na Oginga Odinga na wenzake walipokihama chama tawala cha KANU kwenda chama cha upinzani cha KPU, Bunge likapitisha haraka mabadiliko ya kumlazimisha mbunge aliyehama chama arudi kwa wapiga kura. Mwaka 1982 kikaingizwa Kifungu cha 2A, KANU ikawa chama pekee kinachotambuliwa na sheria. Mwaka 1988 majaji wakanyang'anywa ulinzi wa ajira zao. Kila hatua ilipitia bungeni, ikasainiwa, ikachapishwa katika Gazeti la Serikali. Kwetu Tanzania chama kimoja kiliingia na Katiba ya Muda ya 1965, na Katiba ya 1977 ilipitishwa na Bunge Maalumu ambalo wajumbe wake walikuwa wabunge walewale wa kila siku. Haki za binadamu ziliingizwa humo mwaka 1984, lakini mahakama zikaambiwa zisubiri hadi 1988 ndipo zianze kuzitumia. Kwa hiyo Mtikila alipofungua kesi, haki aliyoishikilia ilikuwa na umri wa miaka mitano tu mahakamani.

Jibu lililokuja kujulikana zaidi duniani lilitoka India, na lilitolewa kwa mtu mwingine wa dini. Swami Kesavananda Bharati alikuwa mkuu wa Edneer Mutt, makao ya kidini ya Kihindu huko Kasaragod, jimbo la Kerala. Serikali ya Kerala ilikuwa ikigawa ardhi upya kwa kuweka kikomo cha ekari, na makao yake yangepoteza mashamba. Akaenda mahakamani mwaka 1970 kutetea ardhi. Kesi ikapanuka, kwa sababu wakati huohuo Waziri Mkuu Indira Gandhi, akiwa na wabunge wa kutosha baada ya ushindi mkubwa wa 1971, alikuwa amepitisha mfululizo wa mabadiliko ya katiba. Mojawapo lilitamka kwamba Bunge linaweza kubadili kifungu chochote. Jingine liliziingiza sheria za ardhi za Kerala katika orodha ambayo mahakama haikutakiwa kuigusa.

Wakili mkuu wa upande wa Swami alikuwa Nani Palkhivala, na inasimuliwa kwamba wawili hao hawakuwahi kuonana. Majaji 13 walikaa pamoja, idadi ambayo Mahakama ya Juu ya India haikuwahi kuifikia, na wakasikiliza hoja kwa siku 68. Hoja ya Palkhivala ilikuwa na chimbuko geni kidogo. Mwaka 1965 msomi wa Kijerumani, Dietrich Conrad, alitoa mhadhara katika chuo kikuu cha Banaras kuhusu mipaka isiyoandikwa ya mamlaka ya kubadili katiba. Wajerumani walikuwa na sababu ya kulifikiria jambo hilo: jamhuri yao ya kabla ya Hitler iliuawa kwa kura za bunge lake. Ndiyo maana katiba yao ya 1949 imeweka wazi mambo ambayo hayawezi kuguswa kwa wingi wowote wa kura. Katiba ya India haikuwa na kifungu cha namna hiyo. Palkhivala aliwaomba majaji wakisome ndani yake hata hivyo.

Aprili 24, 1973, wakakubali kwa kura saba dhidi ya sita. Bunge, walisema, linaweza kurekebisha kifungu chochote, lakini haliwezi kuharibu muundo wa msingi wa Katiba. Mpangaji anaweza kupaka nyumba rangi na kubadilisha milango. Kubomoa nguzo hakumo katika mkataba wake. Nguzo zenyewe ni zipi? Hapo majaji hawakuelewana. Waliandika maoni 11 tofauti, mamia ya kurasa, kila mmoja na orodha yake: ukuu wa Katiba, demokrasia, mgawanyo wa madaraka, shirikisho, utu wa mtu. Jaji Mkuu Sikri, aliyekuwa anastaafu kesho yake, alilazimika kuandaa muhtasari wa msimamo wa wengi ili dunia ijue kilichoamuliwa. Majaji tisa wakausaini, wanne wakakataa. Aliyeamua kesi ni Jaji H. R. Khanna, aliyesimama katikati: aliafiki kwamba muundo wa msingi upo, lakini akasema haki ya kumiliki mali haimo ndani yake. Kwa hiyo kesi iliyobeba jina la Swami ikawa maarufu kuliko zote za India, na Swami mwenyewe asirudishiwe mashamba.

Malipo ya Serikali yalifika haraka. Ilikuwa desturi Jaji Mkuu mpya atoke kwa jaji mwandamizi kuliko wote. Safari hii wandamizi watatu, wote waliokuwa upande wa walioshinda, wakarukwa, na kiti akapewa A. N. Ray aliyekuwa upande wa walioshindwa. Watatu wale wakajiuzulu.

Miaka miwili baadaye ikaonekana kwa nini nadharia ile ilihitajika. Juni 12, 1975, Mahakama Kuu ya Allahabad ilitengua ubunge wa Indira Gandhi kwa kuvunja sheria ya uchaguzi. Kabla mwezi haujaisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa na viongozi wa upinzani wako rumande. Agosti, Bunge likabadili Katiba na kuuondoa uchaguzi wa Waziri Mkuu kwenye mikono ya mahakama, tena kwa kurudi nyuma, ili kesi yake ife palepale. Novemba 7 Mahakama ya Juu ikampa Indira ushindi kwa kutumia sheria ya uchaguzi iliyokuwa imerekebishwa, lakini kile kipande cha Katiba kilichomweka juu ya mahakama ikakifuta. Ndiyo mara ya kwanza nadharia ya 1973 ilipofuta mabadiliko ya katiba. Siku chache baadaye Jaji Mkuu Ray aliwakusanya majaji 13 ili uamuzi wa 1973 uangaliwe upya. Palkhivala akasimama kuutetea, na baada ya siku mbili Ray akalivunja jopo bila uamuzi wowote.

Mahakama hiyohiyo, tusisahau, mwaka 1976 ilikubali kwamba wakati wa hali ya hatari mtu aliyefungwa bila kesi hana mlango wa kubisha hodi. Aliyepinga alikuwa mmoja tu kati ya watano, Khanna yuleyule, na Januari 1977 naye akarukwa katika ujaji mkuu. Akajiuzulu. Waliomwondoa Indira madarakani miezi miwili baadaye walikuwa wapiga kura. Nalisema hili kwa sababu wapo wenzetu wanaoisimulia habari ya India kana kwamba majaji waliiokoa nchi peke yao. Nadharia ile ina wapinzani wenye hoja pia. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya India iliitumia kufuta mabadiliko ya katiba yaliyotaka kuwapunguzia majaji nguvu ya kuteua majaji wenzao. Ukiwa jaji, kuamua kwamba nguvu zako mwenyewe ni nguzo ya nyumba ni jambo la kutia shaka kidogo.

Nadharia ilisafiri. Bangladesh waliipokea mwaka 1989. Katika Afrika Mashariki ilikuja kwa majina tofauti, na hapa ndipo mambo yanaponogea, kwa sababu nchi tatu jirani ziliulizwa swali moja na zikajibu kwa namna tatu.

Kenya ilianza mwaka 2004, nchi ikiwa katikati ya mchakato wa katiba mpya, pale Jaji Aaron Ringera wa Mahakama Kuu alipoamua katika kesi ya Mchungaji Timothy Njoya (naam, mchungaji tena) kwamba Bunge lina uwezo wa kurekebisha Katiba lakini halina uwezo wa kuitupa na kuleta nyingine. Uwezo huo ni wa wananchi wenyewe. Katiba ya 2010 ikaja na kura ya maoni. Kisha ukaja mpango wa kubadili Katiba ulioitwa BBI, uliozaliwa na kupeana mkono kwa Rais Uhuru Kenyatta na Raila Odinga mnamo Machi 2018. Muswada wake ulitaka, pamoja na mengine, kurudisha cheo cha waziri mkuu na kuongeza majimbo 70 ya ubunge. Mei 13, 2021, majaji watano wa Mahakama Kuu waliusimamisha. Walisema Katiba ya Kenya ina muundo wa msingi ambao hauwezi kubadilishwa isipokuwa wananchi waelimishwe, washirikishwe, wachague bunge la kutunga katiba, kisha wapige kura ya maoni. Agosti, Mahakama ya Rufaa ikaunga mkono.

Machi 31, 2022, Mahakama ya Juu ya Kenya ikaikataa nadharia hiyo. Katiba yetu, walisema majaji walio wengi, tayari ina ngazi yake: Ibara za 255 hadi 257 zimetaja mambo kumi yasiyoguswa bila kura ya maoni, zikaweka saini milioni moja na mabunge ya kaunti yasiyopungua 24 kati ya 47 kwa wanaoanzisha mabadiliko kutoka chini. Hakuna haja ya kuchukua dawa ya India. Lakini BBI haikupona. Njia ya saini ni ya wananchi, Mahakama ikasema, na Rais haruhusiwi kuipita akijifanya mwananchi wa kawaida. Majimbo 70 nayo yaliingizwa bila umma kushirikishwa. Rege, kama mashabiki walivyouita mchakato ule, ikazimwa.

Uganda ni kinyume chake kabisa. Ukomo wa vipindi viwili vya urais ulifutwa mwaka 2005. Desemba 2017 Bunge likafuta na ukomo wa umri wa miaka 75, Rais Museveni akiwa amebakiza mwaka mmoja na kitu kuufikia. Mahakama ya Katiba, iliyokaa Mbale, ilitoa hukumu Julai 2018. Majaji waliikubali nadharia ya muundo wa msingi. Waliitumia hata kuwanyima wabunge miaka miwili waliyojiongezea, kutoka mitano hadi saba. Ila umri wa mgombea urais, wakasema wanne kati ya watano, si sehemu ya msingi huo. Aprili 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana nao kwa kura nne dhidi ya tatu.

Kwa hiyo Kenya iliikataa nadharia na mabadiliko yakakwama. Uganda iliipokea na mabadiliko yakapita. Nimefikia kuamini kwamba jina la nadharia linabeba uzito mdogo kuliko tunavyodhani sisi tunaopenda kuijadili. Kilicholinda Katiba ya Kenya ni ngazi yenyewe: hatua nyingi, za watu wengi, katika maeneo tofauti, zisizoweza kupandwa usiku mmoja na kundi lililokaa ukumbi mmoja. Na majaji waliothubutu walilipia. George Odunga na Joel Ngugi, wawili kati ya wale watano, majina yao yalikuwa yamependekezwa kwa ajili ya Mahakama ya Rufaa tangu 2019. Juni 2021, wiki chache baada ya hukumu, Rais aliwateua wenzao 34 na kuwaacha. Waliapishwa Septemba 2022, baada ya Ikulu kupata mwenyeji mwingine. Khanna hakupata bahati hiyo.

Turudi Tanzania, ambako Mtikila hakuwa amechoka. Mwaka 2005 alifungua kesi upya, safari hii akiyalenga mabadiliko yenyewe ya 1994. Mei 2006 majaji watatu wa Mahakama Kuu wakampa ushindi tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 17, 2010, Mahakama ya Rufani ya majaji saba, ikiongozwa na Jaji Mkuu Augustino Ramadhani, ikatengua. Maprofesa Palamagamba Kabudi na Jwani Mwaikusa walikuwa wameitwa kama marafiki wa mahakama, na kesi ya Swami ilizungumzwa kwa kirefu. Majaji hawakuiafiki. Ibara ya 98, walisema, inaruhusu kubadili sharti lolote, na kubadili huko, kwa maelezo ya ibara yenyewe, ni pamoja na kufuta na kuweka jingine. Ibara ikishaingia kwa utaratibu huo ni Katiba sawa na ibara nyingine, na mahakama haiwezi kutumia Katiba kufuta Katiba. Suala la mgombea binafsi ni la kisiasa, likaamuliwe na Bunge.

Kwa usomaji wa maandishi, naona ni vigumu kuwalaumu. Ila maandishi hayohayo yana jambo ambalo halizungumzwi vya kutosha. Ibara ya 98 ina ngazi mbili. Masharti mengi hubadilishwa kwa theluthi mbili ya wabunge wote. Lakini ipo orodha, katika Nyongeza ya Pili, ya mambo manane yanayotaka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kivyake: kuwepo kwa Jamhuri ya Muungano, kuwepo kwa ofisi ya Rais, madaraka ya Serikali ya Muungano, kuwepo kwa Bunge, madaraka ya Serikali ya Zanzibar, Mahakama Kuu ya Zanzibar, orodha ya mambo ya Muungano na idadi ya wabunge kutoka Zanzibar.

Isome orodha hiyo taratibu. Huo ndio muundo wa msingi wa Tanzania, umeandikwa, hauhitaji Palkhivala wa kuuvumbua. Unailinda Dola na Muungano wake, na ni haki kabisa Zanzibar ikilindwa dhidi ya wingi wa Bara. Haki ya raia haimo. Haki ya kuishi, kuabudu, kusema, kukusanyika na kugombea ziko kwenye ngazi ya chini, zinakofikiwa na chama chochote chenye theluthi mbili, na tangu 1977 hatujawahi kuwa na Bunge ambalo chama kimoja kilikosa theluthi hizo. Wala kura ya maoni haitajwi popote katika ibara hiyo. Mtu anayeuliza kwa nini Mtikila alishinda Mahakama Kuu mara mbili na asigombee hata mara moja kama mgombea binafsi, jibu lake liko kwenye kurasa hizo za mwisho za Katiba, zile ambazo wengi wetu hatuzifiki.

Miaka miwili baada ya uamuzi ule, Jaji Ramadhani, akiwa amestaafu, aliteuliwa kuwa Makamu Mwenyekiti wa Tume ya Mabadiliko ya Katiba chini ya Jaji Joseph Warioba. Rasimu ya tume hiyo ilimruhusu mgombea huru. Rasimu ikaenda Dodoma, Bunge Maalumu likapitisha Katiba Inayopendekezwa Oktoba 2014, kura ya maoni iliyopangwa Aprili 30, 2015, ikaahirishwa, na imebaki hivyo.

Mtikila alikuwa na mlango mmoja zaidi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi chache zilizotia saini tamko la kuwaruhusu raia na asasi kwenda huko moja kwa moja. Alikwenda, sambamba na Chama cha Mawakili Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu. Jaji Ramadhani, aliyekuwa sasa jaji wa mahakama hiyo, hakukaa kwenye shauri. Juni 14, 2013, hukumu ikatoka: kumlazimisha mtu ajiunge na chama ndipo agombee ni kuvunja Mkataba wa Afrika, na Tanzania ichukue hatua za kikatiba na kisheria kurekebisha. Mwaka uliofuata mahakama ikamkatalia fidia ya fedha aliyoiomba. Kama Swami, alipata kanuni akakosa chake. Alifariki katika ajali ya gari Oktoba 4, 2015, wiki tatu kabla ya uchaguzi mkuu ambao nao haukuwa na mgombea binafsi.

Julai 2020 mahakama hiyo ya Arusha ilitoa uamuzi mwingine unaotuhusu, katika shauri la wakili Jebra Kambole. Ilikuwa kuhusu Ibara ya 41(7), inayosema matokeo ya urais yakishatangazwa hayahojiwi mahakama yoyote. Ni kinga ya jamii ileile ambayo Indira Gandhi alijiandikia mwaka 1975 na majaji wake wakaifuta. Arusha walisema inavunja Mkataba na wakaipa Serikali muda wa kuiondoa. Lakini Novemba 2019 Tanzania ilikuwa imeshaliondoa lile tamko la kuwaruhusu raia wake kupeleka mashauri mapya moja kwa moja, na uondoaji huo ulianza kufanya kazi mwaka mmoja baadaye. Mwananchi anayetaka leo kudai alichodai Mtikila anayo Mahakama Kuu, anayo Mahakama ya Rufani, na anao uamuzi wa Juni 17, 2010, ukimsubiri huko.